Shajara ya mradi: makanisa ya matajiri wa Yaroslavl, Mei hadi Septemba

4 Mei

Leo tumeanza rasmi. Kazi tuliyojipa ni kuandaa mwongozo wa Kiswahili wa majengo ya kale ya Yaroslavl, mji wa wafanyabiashara ulioko kaskazini-mashariki ya Moscow, mahali Mto Kotorosl unapoingia katika Volga. Tuko watatu: mimi ninayeandika, mwenzangu anayepiga picha na kuchora ramani za majengo, na mhariri wetu aliyeko Mombasa ambaye hajawahi kufika huku. Yeye tunamhitaji kwa sababu hiyohiyo, maana sentensi ambayo haitamjengea picha yeye haitamjengea msomaji yeyote. Wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakija kusoma Urusi tangu enzi ya Kisovieti, na nimewasikia wengi wakisema kwamba walipita mbele ya majengo kama haya kwa miaka mitano au sita bila kujua ni nani aliyeyajenga na kwa fedha gani.

Mpango wa kwanza ni rahisi: tutayapanga majengo kwa mwaka wa kujengwa, kuanzia la kale hadi la karibuni. Kwa mapokeo, mji ulianzishwa mwaka 1010 na mtawala Yaroslav aliyeitwa Mwenye Hekima, na kumbukumbu za kale zinautaja kwa mara ya kwanza chini ya mwaka 1071. Kiini chake cha kihistoria kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005, katika kikao kilichofanyika Durban, Afrika Kusini. Eneo lenyewe ni hekta 110, na limezungukwa na ukanda wa ulinzi wa hekta 580. Tumekubaliana kutotoka nje ya hekta hizo, isipokuwa pale historia ya jengo fulani itakapotulazimisha kuvuka mto.

11 Mei

Siku nne za kusoma kabla ya kupiga picha hata moja, nami sijutii. Ukiitazama ramani ya biashara ya karne ya 17 unaelewa mara moja kwa nini mji huu ulitajirika. Mwaka 1553 Richard Chancellor, nahodha Mwingereza, alifika Urusi kwa njia ya bahari ya kaskazini; mwaka 1584 ulianzishwa mji wa Arkhangelsk kwenye Bahari Nyeupe, na kwa zaidi ya karne moja huo ndio uliokuwa mlango mkuu wa meli za Waingereza na Waholanzi. Barabara ya kutoka Moscow kwenda Arkhangelsk ilipita Yaroslavl, na hapohapo ilikutana na Volga, mto unaoshuka hadi Astrakhan na Bahari ya Kaspi, ambako bidhaa za Uajemi zilipatikana. Manyoya ya Siberia, ngozi, chumvi, samaki na nguo za kitani vyote vilikutana kwenye kingo hizi, na mwenye ghala mahali hapo alichuma kutoka pande zote.

Wakubwa wa wafanyabiashara hao waliitwa gosti, neno ambalo katika Kirusi cha leo lina maana ya wageni. Halikuwa jina la heshima tu: tajiri aliyepewa cheo hicho alipata upendeleo katika biashara, lakini alibebeshwa pia kazi za hazina ya tsar, yaani mfalme wa Urusi, kama vile kukusanya ushuru na kuuza mali ya serikali, na hasara iliyotokea aliweza kudaiwa yeye mwenyewe. Ninaliandika jambo hili mapema kwa sababu nahisi litarudi.

19 Mei

Tulikwenda katika Kanisa la Nabii Eliya tukakuta limefungwa. Mvua imenyesha kutwa, na unyevu ukipanda jengo hilo halifunguliwi, kwa kuwa halina joto la ndani na hewa yenye maji huharibu michoro ya kuta. Hatukulalamika. Ni afadhali mgeni akose kuona kwa siku moja kuliko ukuta upoteze rangi iliyodumu zaidi ya miaka 300.

Tuliitumia siku kwa uwanja wenyewe. Mwaka 1763 malikia Catherine wa Pili aliagiza miji ya Urusi ichorewe ramani mpya, na ya Yaroslavl iliidhinishwa mwaka 1778, wakati gavana akiwa Alexei Melgunov. Katika miji mingi agizo hilo lilimaanisha kufuta vichochoro vya kale na kulaza barabara zilizonyooka juu yake. Hapa wapangaji waliliacha Kanisa la Eliya pale lilipokuwa, wakalifanya kitovu, wakaufungua uwanja mpana kulizunguka na kuzichora barabara zisambae kutoka hapo kama miale, zikilenga minara ya makanisa na ya ngome ya zamani. Kwa hiyo mtu anayetembea katika barabara ya karne ya 18 huwa na mnara wa karne ya 17 mbele ya macho yake. UNESCO iliuorodhesha mji kwa sababu mbili, makanisa ya karne ya 17 na ramani hii, na baada ya kutwa nzima chini ya mwavuli nimeamini kwamba hazitenganishiki.

27 Mei

Jua limetoka na mlango umefunguliwa. Kanisa la Nabii Eliya lilijengwa kati ya 1647 na 1650 kwa fedha za ndugu wawili, Ioanniky na Vonifaty Skripin, waliotajirika kwa manyoya ya Siberia, na lilisimama katika kiwanja chao wenyewe. Lina kanisa kuu lenye kuba tano, varanda zilizoezekwa zinazolizunguka, mnara wa kengele, kikanisa kidogo chenye paa refu lililochongoka kama hema, na kikanisa kingine kilichopashwa joto kwa ajili ya ibada za majira ya baridi. Hakuna upande unaofanana na mwingine, na bado macho hayachoki, kwa sababu kila kipande kimewekwa kimo chake ili kukijibu cha pili.

Ndani, kuta zimejaa michoro kuanzia juu ya sakafu hadi ndani ya kuba. Ilichorwa mwaka 1680 na 1681 na kundi la mafundi 15 wakiongozwa na Guriy Nikitin na Sila Savin, wote wa mji jirani wa Kostroma. Ndugu wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Aliyetoa fedha ni Ulita Makarovna, mjane wa Vonifaty, na jina lake limeandikwa ukutani. Nilisimama chini ya maandishi hayo kwa muda mrefu. Katika karne ambayo wanawake wachache waliandikwa popote, huyu aliandikwa kwenye chokaa, na chokaa imemtunza.

Mchoro uliotushika zaidi ni wa mavuno, katika habari za nabii Elisha na mwanamke Mshunami ambaye mwanawe aliugua shambani wakati wa kuvuna. Biblia inaitaja siku ile kwa maneno machache. Mchoraji ameifanya shamba zima la ngano ya rangi ya dhahabu, wavunaji wameinama na mundu mkononi, wamevaa mashati ya rangi kali, mmoja anafunga miganda, na msiba wa mtoto unaanzia katikati ya kazi kama misiba inavyoanza. Mpangilio wa picha hii na nyingine nyingi ulitoka katika Biblia ya michoro ya Piscator iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1650, ambayo ilifika Urusi pamoja na biashara ya Waholanzi. Ile ilikuwa michoro ya wino mweusi kwenye karatasi. Rangi, sura za watu na ukubwa wa ukuta ni vya mafundi wa Kostroma.

2 Juni

Mhariri amerudisha kurasa za kwanza na maswali 41. Mengi ni ya msamiati, na amenilazimisha kuieleza kazi ya mchoraji hatua kwa hatua badala ya kusema tu kwamba ukuta ulichorwa. Hivi ndivyo tulivyoandika baada ya kujadiliana.

Chokaa ilichomwa, ikazimwa kwa maji na kuachwa muda mrefu ikae, kisha ikachanganywa na nyuzi za kitani zilizokatwa vipande vidogo ili lipu isipasuke. Misumari yenye vichwa vipana ilipigiliwa kwenye matofali ili lipu ipate mahali pa kushika. Fundi mkuu, aliyeitwa znamenshchik, ndiye aliyechora mistari ya kwanza ya kila tukio kwenye lipu ikiwa bado mbichi, na mara nyingi mistari hiyo ilikwaruzwa kwa ncha kali, hivi kwamba mwanga wa pembeni bado unaionyesha. Waliomfuata waligawana kazi: wapo waliochora nyuso peke yake, wapo waliochora mavazi, majengo na milima, na wapo waliochora majani na maua ya kujazia. Rangi iliyowekwa kwenye lipu mbichi hushikamana nayo inapokauka. Madoido ya mwisho yaliongezwa juu ya ukuta mkavu, na ndiyo yaliyo ya kwanza kubanduka. Kazi yote ilifanywa katika miezi ya joto, kwa sababu lipu mbichi ikipatwa na baridi kali huharibika.

Mhariri aliandika pembeni kwamba mafundi wa Mji wa Kale wa Mombasa nao hukataa saruji kwenye kuta za chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta hadi ukuta unapooza. Wanaotengeneza majengo ya Yaroslavl husema vivyo hivyo, nami nimeiacha sentensi yake ibaki katika mwongozo.

9 Juni

Mpango wetu wa kwanza umekufa, na aliyeuua ni ghala.

Kanisa la Eliya limeinuliwa juu ya chumba kirefu cha chini kinachoitwa podklet. Katika ramani ya mwenzangu kilikuwa kimeandikwa "msingi", nami nilikipita mara tatu bila kukifikiria. Jana ndipo tulipokaa tukajiuliza kwa nini kanisa lihitaji chumba kikubwa namna hiyo chini ya sakafu. Jibu liko katika moto. Karibu mji wote ulikuwa wa mbao, na moto wa mwaka 1658 uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba, maduka na hata makanisa. Kanisa la mawe na matofali, lenye milango ya chuma na madirisha membamba yenye vyuma, lilikuwa mahali salama kuliko pote mtaani, na tajiri aliyelijenga aliweka bidhaa zake chini ya madhabahu. Manyoya yaliyosafirishwa miezi mingi kutoka Siberia yalilala chini, na sala ikasaliwa juu yake.

Tangu hapo sikuweza tena kuyaona majengo haya kama orodha ya mitindo. Ukiyapanga kwa miaka, unapata mfululizo wa kuba na vigae. Ukiyapanga kwa familia na mitaa ya kazi iliyoyalipia, unapata mji: nani aliuza nini, alichuma wapi, aliogopa nini, na alitaka akumbukwe vipi. Tumekubaliana sote watatu kuanza upya. Kila sura itafunguliwa kwa mali, na jengo litafuata. Tutapoteza karibu wiki tatu za kazi, nami ninaamini ni hasara ya halali.

20 Juni

Sura ya kwanza ya mpango mpya inamhusu Nadeya Sveteshnikov. Alikuwa mmoja wa matajiri waliotoa fedha kwa jeshi la kujitolea la Minin na Pozharsky, lililokaa Yaroslavl kwa takriban miezi minne mwaka 1612 kabla ya kwenda kuikomboa Moscow kutoka mikononi mwa Wapolandi, na katika miezi hiyo mji huu ulikuwa kama makao makuu ya nchi. Alifanya biashara ya manyoya, na alikuwa na viwanda vya chumvi kwenye kona ya Volga karibu na Samara, mahali palipoitwa kwa jina lake. Kanisa lake la Mtakatifu Nikola, linalojulikana hadi leo kama Nikola Nadein, lilijengwa mwaka 1620 hadi 1622, na ndilo kanisa la kwanza la mawe katika mtaa wa wafanyabiashara wa Yaroslavl. Michoro yake ilifuata mwaka 1640. Lina podklet kubwa, bila shaka kwa sababu ileile.

Nilisema tarehe 11 Mei kwamba habari ya madeni itarudi. Sveteshnikov aliangukia deni kubwa kwa hazina kwa ajili ya manyoya, na mwaka 1646 alifariki katika mateso ya kudaiwa, kwa maana sheria ya wakati ule iliruhusu mdaiwa apigwe miguuni hadharani kila siku hadi alipe au aahidi. Mtu aliyegharimia ukombozi wa nchi na kuuanzishia mji wake ujenzi wa mawe alikufa hivyo. Mwongozo wowote unaolisifu kanisa hili bila kulitaja jambo hilo unamwibia aliyelijenga.

Ndani ya kanisa hilo kuna pia ukuta wa ikoni, yaani wa picha takatifu mbele ya madhabahu, uliochongwa katikati ya karne ya 18 kwa mchoro wa Fyodor Volkov, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Yaroslavl ambaye Warusi humheshimu kama mwanzilishi wa tamthilia yao ya kitaifa. Hilo tumeliandika kwa aya moja tu.

3 Julai

Kanisa la Kuzaliwa kwa Kristo, la ukoo wa akina Nazaryev waliokuja kuitwa Guryev. Ujenzi ulimalizika mwaka 1644. Ukoo huu ulichuma katika uvuvi wa samaki wakubwa wa Bahari ya Kaspi, na Mikhail Guryev alijenga ngome ya mawe karibu na mdomo wa Mto Yaik. Mji uliokua hapo uliitwa Guryev kwa karne tatu, na leo ni Atyrau nchini Kazakhstan. Kwa hiyo fedha iliyojenga kanisa hili ilitoka mbali sana na hapa, chini kabisa ya Volga na kuvuka bahari.

Kinacholitofautisha na mengine ni maandishi ya vigae. Waliojenga hawakutosheka na jina ukutani kwa ndani, bali waliagiza herufi kubwa za udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa, wakazipachika mstari mmoja kwa nje, juu kabisa chini ya paa, zikilizunguka kanisa. Humo mna habari za ujenzi na majina ya waliotoa mali. Ni daftari la hesabu lililosomwa na kila aliyepita, na hakuna aliyeweza kulifunga.

Tumeanza kulinakili herufi moja baada ya nyingine. Kazi ni ngumu kuliko tulivyodhani: herufi ziko juu, baadhi zimeliwa na barafu za miaka mingi, na kila upande husomeka kwa saa chache tu ambazo jua linaugusa kwa mshazari.

8 Julai

Suala la tarehe limetulia. Kwa wiki kadhaa vitabu vilikuwa vinatofautiana kwa mwaka mmoja mmoja, nasi tukadhani ni uzembe wa waandishi. Sivyo. Katika karne ya 17 Warusi walihesabu miaka tangu kuumbwa kwa dunia, na mwaka ulianza tarehe 1 Septemba. Ili kupata mwaka wetu unatoa 5508, lakini kama tukio lilikuwa kati ya Septemba na Desemba unatoa 5509. Mwaka 7152, kwa mfano, ni 1644 kwa tukio la Mei na 1643 kwa tukio la Oktoba. Isitoshe, namba zenyewe ziliandikwa kwa herufi. Tumeweka kanuni: mahali mwezi unajulikana tunaandika mwaka mmoja, na mahali haujulikani tunaandika miwili.

16 Julai

Fupi, kwa sababu ni siku nzito. Mwezi kama huu mwaka 1918 mji uliasi dhidi ya utawala wa Wabolsheviki, ukapigwa kwa mizinga na ndege kwa zaidi ya wiki mbili. Sehemu kubwa ya katikati iliungua, pamoja na Chuo cha Demidov na maktaba yake. Msanifu majengo Pyotr Baranovsky, akiwa bado kijana, alikuja mwaka huohuo kuongoza ukarabati wa kwanza wa makanisa na monasteri zilizopigwa, wakati watu hawakuwa na mkate wa kutosha, sembuse mbao na mabati. Tunapopima ukuta leo tunapima pia kazi ya mikono hiyo, na mwenzangu ameanza kuweka alama maalumu kwenye ramani kila anapoona tofali jipya kati ya ya zamani.

25 Julai

Korovniki, ng'ambo ya Kotorosl, karibu na makutano ya mito. Tumetoka nje ya mipaka tuliyojiwekea, na ninashukuru. Jina linatokana na ng'ombe, maana mtaa huu ulikuwa wa wafugaji. Hapa ndipo mgeni anapoelewa vizuri kuliko popote desturi ya makanisa mawili. Kanisa la Yohana Krisostomo, lililojengwa 1649 hadi 1654, ni la kiangazi: refu, lenye kuba tano na vikanisa viwili vya paa la hema ubavuni, na halina joto. Pembeni yake ni Kanisa la Mama wa Mungu wa Vladimir, la mwaka 1669, la majira ya baridi: kwa ndani ni la chini na lenye majiko, ili waumini waweze kusali katika miezi ambayo pumzi huganda. Kwa nje wajenzi walilipa lile la pili nalo kuba tano ili yafanane, na kati yao wakasimamisha mnara wa kengele wa pembe nane wenye urefu wa karibu mita 37, ambao watu huuita Mshumaa wa Yaroslavl. Kwa anayekuja kwa chombo mtoni, vitu hivyo vitatu huonekana kama kimoja.

Nyuma ya madhabahu ya kanisa la kiangazi kuna dirisha moja lililozungushiwa fremu kubwa ya vigae vya rangi nyingi: kijani, manjano, buluu, nyeupe na kahawia. Vigae vimeviringana kama mashada ya matunda, na fremu ni kubwa mno kwa dirisha lenyewe. Niliitazama kutoka kila upande nikijaribu kutafuta sababu ya kijenzi, sikuipata. Nadhani waliifanya kwa sababu walikuwa na mafundi wa udongo walioiweza, na ukuta ulikuwa unatazama mto.

6 Agosti

Tolchkovo, mtaa wa watengenezaji wa ngozi, nao uko ng'ambo ya Kotorosl. Magome ya miti yaliyotwangwa hapa kwa ajili ya kulainisha ngozi ndiyo yanayosemekana kuupa mtaa jina, kutoka kitenzi cha Kirusi chenye maana ya kutwanga. Harufu ya kazi hiyo haikuruhusiwa karibu na mji, na hivyo mtaa ulibaki pembeni, lakini ngozi za Yaroslavl zilisafiri mbali, na wenye mtaa wakawa na fedha.

Kanisa la Yohana Mbatizaji walilolijenga kati ya 1671 na 1687 halikuwa la familia moja. Lilikuwa la mtaa mzima, wakubwa wakitoa zaidi na wengine wakitoa walichonacho, nami ninaamini hiyo ndiyo sababu ni kubwa namna hii. Lina kuba 15. Tano ziko katikati kama kawaida; nyingine kumi ziko juu ya vikanisa viwili vya pembeni upande wa mashariki, tano kwa kila kimoja, na vikanisa hivyo vimeinuliwa hadi usawa wa paa la kanisa lenyewe, jambo lisilo la kawaida hata kidogo. Matofali ya kuta yamechongwa na kuvingirishwa hata hakuna sehemu iliyobaki tambarare. Michoro ya ndani ni ya 1694 na 1695, chini ya uongozi wa Dmitry Plekhanov na Fyodor Ignatyev. Warusi wote wanalijua jengo hili hata wasipolijua jina lake, kwa kuwa liko nyuma ya noti ya rubo 1,000, na mbele ya noti hiyohiyo kuna sanamu ya Yaroslav Mwenye Hekima.

Mnara wa kengele, uliojengwa karibu na mwaka 1700, umeinama, na kwa vipimo vya macho tu mtu anauona. Kwa miaka mingi kiwanda cha rangi kilipakana na kiwanja cha kanisa, na mvuke na kemikali vilizichosha kuta. Mwenzangu alikaa hapa siku tatu. Aliporudi alisema amechora ramani ya kuba 15 mara sita na bado kuna moja ambayo kivuli chake hakielewi.

15 Agosti

Tulibishana juu ya Kanisa Kuu la Kupalizwa Mama wa Mungu, kwenye ncha ya ardhi mahali mito inapokutana. La kale la karne ya 17 lilibomolewa kwa baruti mwaka 1937. Lililopo sasa lilikamilishwa mwaka 2010 kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 1,000 ya mji, na halikufuata vipimo vya lile la awali. Ni kubwa zaidi. Mhariri alitaka liwemo pamoja na mengine kwa kuwa ndilo mgeni analoliona kwanza. Mimi nilikataa. Watu wana haki ya kujenga upya kanisa walilonyang'anywa, na waumini wanaosali humo hawanidai maelezo. Lakini mwongozo unaomfundisha msomaji kusoma kuta haumruhusu achukue ukuta wa 2010 kuwa wa matajiri wa kale. Tumekubaliana liwe na ukurasa wake, mwaka 2010 ukiwa kwenye kichwa cha habari, na chini yake picha ya zamani ya lile lililoondoka.

30 Agosti

Kanisa la Tokeo la Bwana, 1684 hadi 1693, kwa fedha za mfanyabiashara Aleksei Zubchaninov. Matofali mekundu, mikanda ya vigae, na ndani hakuna nguzo hata moja, hivyo michoro yote huonekana kwa mtazamo mmoja. Ni miongoni mwa ya mwisho ya zama zake, na hapa sura yetu ya mwisho inaeleza kwa nini. Mwaka 1703 ulianzishwa mji wa Saint Petersburg, na biashara ya nje ikaondolewa Arkhangelsk kwa nguvu ya sheria na kupelekwa bandari mpya. Mwaka 1714 tsar Peter alipiga marufuku ujenzi wa mawe nje ya Saint Petersburg ili mafundi wote waende huko. Njia ya kaskazini ilikauka. Yaroslavl ilijitafutia riziki nyingine, na kiwanda kikubwa cha kitani kilianzishwa mwaka 1722, lakini matajiri wapya hawakuwa na haraka ya kubomoa makanisa ya mababu ili wajenge ya mtindo mpya. Hasara ile ya biashara ndiyo iliyotuachia majengo haya.

12 Septemba

Baridi imeanza asubuhi. Tulirudi Kanisa la Kuzaliwa kwa Kristo kwa ajili ya upande wa kaskazini, ambao tangu Julai haujawahi kupata jua la kutosha. Mwenzangu alipanda na taa, akaishika karibu na ukuta ili mwanga ukate kwa pembeni, nami nikawa chini nikisoma kwa sauti na kuandika. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa nane mchana tulifika mahali vigae vimevunjika na herufi zimepotea, tukaacha nafasi wazi kwenye nakala kwa idadi ya vigae vinavyokosekana, bila kukisia. Baada ya pengo hilo maandishi yanaendelea, nasi tuliyafuata hadi kwenye kona. Nakala imetumwa Mombasa jioni hii pamoja na picha zote.